Shuka ya Pili: Vazi la Mvuvi wa Unguja Katika Mvua na Kusi

Kisiwa cha Unguja kiko karibu na nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na hata katika kipupwe, yaani msimu wa ubaridi unaofuata mvua za masika, ni nadra joto la usiku mjini kushuka chini ya nyuzi 20 za Selisiasi. Hata hivyo mvuvi aliyelowa hutetemeka, kwa sababu maji yaliyo mwilini na nguoni mwake hukaushwa na upepo, na kila yanapogeuka mvuke huondoka na sehemu ya joto lake. Maji ya bahari yenyewe hubaki karibu na nyuzi 25 hata mwezi Julai, kiasi kwamba usiku wa kusi, yaani upepo wa kusini, aliyezama hadi shingoni huweza kuhisi joto kuliko aliyekaa chomboni na nguo mbichi. Katika mazingira hayo, nguo iliyofaa ni ile iliyokauka upesi, na busara iliyofaa zaidi ni ile ya kujua siku ya kutotoka.

Busara hiyo ilihifadhiwa katika hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 uliogawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku, ambao mabaharia wa Bahari ya Hindi waliutumia kupangia safari. Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa Julfar aliyeishi karne ya 15, alitaja nyakati za kuvuka bahari kwa siku za Nairuzi, na huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka huo bado hufunguliwa kila Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Kwa mvuvi, mwongo ulikuwa na maana ya vitendo, kwa kuwa ulimwelekeza lini kaskazi, upepo wa miezi ya Desemba hadi Machi, ungeipisha masika, na lini kusi ingeshika nguvu hadi kupanda mwamba wa mashariki kuwe hatari. Thamani ya tahadhari hiyo ilionekana tarehe 15 Aprili 1872, katikati ya masika, tufani ilipoipiga Unguja, ikavunja merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa.

Kwa siku zilizoruhusu kutoka, vazi lilikuwa jepesi. Mvuvi aliizungusha nguo kiunoni, akalipitisha pindo katikati ya mapaja na kulichomeka nyuma, mtindo unaoitwa kupiga ubinda, ambao huacha magoti wazi ili anayesukuma ngalawa au anayezamia dema, yaani mtego uliosukwa wa kunasia samaki, asilemewe na nguo iliyojaa maji. Kichwani kofia ya ukili, ambao ni ukanda uliosukwa kwa miyaa, ilikinga jua na kuyaepusha macho na matone ya mvua, huku mgongo na kifua mara nyingi vikiachwa wazi, kwa kuwa ngozi hukauka haraka kuliko kitambaa.

Katika karne ya 19 kitambaa kilichotawala kazi za namna hiyo kilikuwa merikani, pamba ngumu isiyopaushwa iliyoletwa kutoka Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said bin Sultan. Kitambaa hichohicho kilishonwa matanga na kuvaliwa na watu, na kilipimwa kwa vipimo vilivyofahamika kutoka pwani hadi bara: shuka moja ilikuwa mikono minne, mkono ukiwa urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na shuka mbili zilifanya doti. Mwenye shuka moja alikwenda nayo baharini na kurudi nayo imelowa, lakini mwenye doti aliweza kufunga moja kiunoni na kuibakiza ya pili, aitandaze mabegani jioni ya kurudi. Tofauti kati ya watu hao wawili haikupungua kwa ugumu wa kitambaa, kwa sababu pamba yote, iwe ya Salem au ya Bombay, hunywa maji.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipopunguza shehena za Salem, vitambaa vya Uingereza na India vilijaza pengo, lakini jina la merikani likabaki. Hadhi yake, hata hivyo, ilishuka, kwani merikani na kaniki, kitambaa cha rangi ya nili kutoka India, vilihusishwa na watumwa, na baada ya sheria kuacha kuutambua utumwa mwaka 1897 wengi waliokombolewa walivikimbilia vikoi na kanga. Sufu, ambayo hutunza joto hata ikilowa, ilikuwapo mjini kwa umbo la joho, vazi refu la wakubwa wa Kiarabu. Waliolihitaji zaidi kwa ajili ya joto ndio waliokuwa mbali nalo.

Kaskazini mwa Ulaya tatizo la kulowa lilitatuliwa kwa njia nyingine. Wavuvi wa huko walipaka nguo mafuta ya kitani ili zisipenyeze maji, na mwaka 1877 nahodha Helly Juell Hansen na mkewe Maren Margarethe walianza kutengeneza mavazi hayo kwa biashara mjini Moss, Norwei. Unguja haikukosa mafuta, kwani sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ilipatikana, lakini ilipakwa kwenye mbao za chombo, na sehemu inayozama ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Sababu inaeleweka: nguo inayozuia mvua huzuia pia jasho, na mpiga makasia wa Ikweta angelowa ndani yake kabla ya wingu kufika.

Wanawake wa pwani walikutana na maji kwa ratiba nyingine, ile ya bamvua, maji yanapokupwa sana mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Walitoka kuchokoa pweza mwambani na kutanda dagaa kwa nguo zilezile zilizokuwa vazi, kwa hiyo kitambaa kilifanya kazi ya wavu na ya stara kwa wakati mmoja. Kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989 Paje na Jambiani, saa za kusimama majini ziliongezeka, na doti ya kanga ikarithi mgawanyo wa zamani: moja ya kulowa, moja ya nyumbani.

Kinga nyingine ilikuwa dago, kambi ya muda ambako wavuvi walihamia kufuata samaki na upande uliokingwa dhidi ya upepo, wakapata kibanda cha makuti na moto wa kukaushia. Uvuvi wa dagaa kwa karabai, taa ya mafuta yenye mwanga mkali, uliwahamisha wengi hadi usiku wa giza, ambapo hakuna jua la kuanika nguo. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ilishusha katika soko la Darajani mjini makoti ya majira ya baridi ya Ulaya na Marekani, na sufu ikafika chomboni hatimaye, ingawa koti zito likijaa maji huweza kumvuta chini aliyeanguka.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania sasa hufanya kazi ya miongo, ukionya kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa, na kinachobebwa chomboni kinafanana sana na cha zamani: fulana kavu iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko usiopitisha maji, mahali ilipokuwa shuka ya pili ya doti.