Liemba: ilibeba mizinga, ikabeba wakimbizi

Vijana wenzangu wa Gitega na Muyinga, huku milimani Ziwa Tanganyika tunalijua kwa ndagala tu. Kumbe historia yetu imepita kwenye bandari zake.

Ujiji ndiyo ilikuwa bandari ya misafara ya pembe na watumwa. Reli ilipofika ghuba ya Kigoma mwaka 1914, biashara ikahamia huko. Kwa reli hiyo Wajerumani walileta meli vipande vipande ndani ya masanduku, wakaiunga, wakaifunga mizinga: Graf von Goetzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba.

Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Wakongo kwao. Mei 2015 ikawatoa Warundi Kagunga hadi Kigoma. Kagunga wakati huo hakukuwa na gati la meli kubwa, basi watu walifikishwa melini kwa mitumbwi, wazee na watoto.

Watalii walioipanda huandika habari za mizinga. Waliopanda Kagunga nani anawaandika? Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyevuka ziwa, muulize bandari gani, mwaka gani. Andika leo.