Chenonceau: Daraja Lililookoa Kasri

Makasri ya bonde la Loire, nchini Ufaransa, ni mengi, na mengine ni makubwa kuliko Chenonceau. Lakini hili limejengwa juu ya mto wenyewe, Cher, maji yakipita kati ya nguzo zake. Na visa vyake karibu vyote ni vya wanawake.

Katherine Briçonnet ndiye aliyesimamia ujenzi kuanzia 1513, mumewe, Thomas Bohier, akiwa vitani Italia. Bohier alikuwa ofisa wa hazina ya mfalme. Alipofariki aliacha madeni, na mwaka 1535 Mfalme François I akalitwaa kasri. Mwaka 1547 mwanawe, Henri II, akampa hawara wake, Diane de Poitiers, ingawa mkewe alikuwa Malkia Catherine de Médicis.

Diane hakukaa akistarehe tu. Alitengeneza bustani kubwa kando ya mto, ikainuliwa kwa kuta za mawe ili mafuriko yasiifikie, kisha akamwita msanifu Philibert de l'Orme ajenge daraja hadi ng'ambo. Mwaka 1559 Henri akajeruhiwa kwa mkuki katika mashindano ya farasi, akafa. Mjane hakuchelewa: Diane akatakiwa ahame, akapewa kasri la Chaumont. Catherine naye akalima bustani yake upande wa pili, ndogo kuliko ya Diane, na juu ya daraja la mpinzani wake akajenga ukumbi wa dansi wenye urefu wa mita 60, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, inasimuliwa, kasri liliponea chupuchupu. Mwenyewe, Louise Dupin, aliwakumbusha wanamapinduzi kwamba wakilibomoa, wananchi watakosa pa kuvukia.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, familia ya Menier, wenye viwanda vya chokoleti walionunua kasri mwaka 1913, ilipanga vitanda ukumbini. Majeruhi zaidi ya 2,000 wakatibiwa humo. Katika Vita vya Pili, mwaka 1940, mto Cher ukawa mpaka: lango kuu likabaki eneo lililokaliwa na Wajerumani, mlango wa kusini wa ukumbi ukifungukia eneo huru. Watu wakatoroshewa hapo.

Ukienda, usiishie kwenye maua. Shuka jikoni, ndani ya misingi ya kasri mtoni, kisha utembee ukumbi wote hadi mlango huo wa kusini. Wafaransa huliita Kasri la Mabibi. Kwangu mimi, bibi wa kwanza ni Diane. Bila daraja lake, Madame Dupin asingekuwa na la kujitetea.