Nafaka ya Kibakwe: bei, mzani na nani anamsemea mkulima

Kila mwaka kati ya Mei na Julai, wakati mahindi na mtama vinatolewa mashambani, malalamiko ya wakulima wa Kibakwe katika wilaya ya Mpwapwa hufanana na ya mwaka uliotangulia: bei iko chini, gunia limejazwa kupita kiasi, mnunuzi wa serikali hajafika au amefika akiwa na masharti magumu, na hakuna mtu wa kuyapeleka hayo mezani. Makala hii inaeleza yanakotoka.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina unaowapata hata waandishi wa habari. Kibakwe si Kibaigwa. Kibaigwa iko wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na ndiko liliko soko la kimataifa la mazao lililofunguliwa mwaka 2004. Kibakwe iko kusini zaidi, Mpwapwa, mbali na lami hiyo, ikipakana na safu za milima ya Rubeho. Tofauti hiyo ya barabara ni sehemu kubwa ya habari yenyewe. Bei inayosikika redioni kila asubuhi ni ya Kibaigwa. Bei ya mlangoni kwa mkulima wa Kibakwe ni hiyo ya Kibaigwa ukitoa nauli ya lori, faida ya dalali, ushuru na hatari ya njia mbovu, na anayepiga hesabu ya makato hayo ni mnunuzi.

Tarafa hii haifanani kote. Maeneo ya milimani hupata mvua nzuri na hutoa mahindi na maharage. Lumuma inajulikana kwa vitunguu vya umwagiliaji. Chini, kuelekea Godegode na reli ya kati, ni ukame wa Dodoma tunaoufahamu: msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe inaweza kukatika Februari na kuyakausha mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Huko mazao ya uhakika ni mtama, uwele, karanga na alizeti.

Tukumbuke kwamba kulikuwa na wakati bei haikuwa suala la kubishania kabisa. Mwaka 1973 Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilikabidhiwa kazi ya kununua nafaka nchi nzima, na tangu katikati ya miaka hiyo ya 1970 bei ikawa moja kila mahali, awe mkulima wa kando ya reli au wa nyuma ya mlima. Kwa sehemu kama Kibakwe hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu serikali ndiyo iliyobeba gharama ya umbali. Baada ya ukame wa 1973 hadi 1975, serikali ilipandisha pia bei ya mazao yanayostahimili ukame. Wakulima waliitika, na NMC ikajikuta na marundo ya mtama na muhogo ambayo walaji wa mijini hawakuyataka. Shirika lilizama katika madeni. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, hivyo mkulima alibaki na mnunuzi mmoja na hakuwa na chombo chake. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, lakini chama kilichovunjwa hakirudi na imani ya watu kwa sababu tu Bunge limepiga kura.

Kuanzia 1984 biashara ya nafaka ilianza kulegezwa. Mtu aliruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500 bila kibali, kisha mipaka hiyo ikaondolewa hatua kwa hatua. Tangu hapo bei ni ya soko. Wapo wanaoitamani NMC, na si vigumu kuwaelewa, ingawa wanaosahau ni wengi kwamba shirika lilichelewa kulipa na lilikuwa linawaachia wakulima stakabadhi badala ya fedha.

Sasa turudi kwenye bei. Mkulima mdogo huuza Juni kwa sababu Juni ndipo madeni yanapoiva: ada, mkopo wa mbegu, deni la dukani, matibabu. Wote huuza kwa pamoja, bei inaanguka. Desemba hadi Machi, kabla ya mavuno mapya, bei inapanda, na kaya nyingi zilizouza huwa zimeshaanza kununua unga. Kwa maneno mengine, mkulima huyohuyo ni muuzaji wakati wa bei ya chini na mteja wakati wa bei ya juu. Ghala zuri lingempa nafasi ya kusubiri, lakini kusubiri nako kunahitaji fedha za kula na dawa ya kuzuia dumuzi. Kuna mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa sheria ya 2005, ambao kimsingi unamruhusu mkulima kuweka mzigo na kuutumia kama dhamana. Ulianza kutumika kwa nguvu kwenye korosho mwaka 2007 na baadaye ukaingia kwenye ufuta, mbaazi, choroko na dengu. Haya ni mazao ya kusafirisha nje, yenye wanunuzi wakubwa wa mnada. Mahindi na mtama, chakula cha nyumbani kinachouzwa gunia mbilimbili, havijapata ghala la namna hiyo kwa kiwango kinachobadilisha bei ya kijijini.

Jambo la pili ni lumbesa. Gunia la kawaida huhesabiwa debe sita. Mnunuzi anakuja na magunia yake, analishindilia, analiongezea kilemba juu kwa kamba na nyavu, na debe la saba linaingia bila kulipiwa. Piga hesabu: mkulima akiuza magunia kumi ya namna hiyo ametoa debe kumi za bure, yaani gunia zima na debe nne juu yake. Sheria ya Vipimo inakataza, na kifungashio cha mazao ya shamba hakitakiwi kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo hufanya misako. Hata hivyo wakala hawezi kuwa kwenye kila uwanja wa nyumba lori linapopakia jioni, na mkulima asiye na mzani hana cha kumwonyesha ofisa. Ukiuliza, wengi watakwambia waliijua sheria siku nyingi. Walichokosa ni mnunuzi wa pili wa kumkimbilia wakimkataa wa kwanza.

Mnunuzi wa pili alitarajiwa kuwa serikali. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulianzishwa mwaka 2008 na una kanda yake Dodoma. Kazi yake ya msingi ni akiba ya dharura. Kuinua bei kwa kila mkulima hakumo katika kazi hiyo, na watu wengi huchanganya mambo hayo mawili. Mradi wa vihenge na maghala mapya uliogharimiwa kwa mkopo kutoka Poland ulilenga kupandisha uwezo wa kuhifadhi kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000. Uzalishaji wa mahindi nchini umekuwa ukivuka tani milioni 6 kwa mwaka. Hata maghala yote yakijazwa mahindi kwa msimu mmoja, hayafiki sehemu moja ya kumi ya mavuno. Juu ya hapo kuna ubora. Unyevu usizidi asilimia 13.5, punje zisiwe zimevunjika wala kuoza, na sumukuvu isivuke kiwango. Masharti haya si ya kuonea. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68 na kuua 20. Lakini mkulima aliyeanika mahindi chini, bila turubai na bila kipima unyevu, hukataliwa kituoni baada ya kulipia usafiri, na kuyarudisha nyumbani ni gharama nyingine. Anayemsubiri nje ya geti ni dalali.

Ipo pia Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, CPB, iliyoundwa kwa sheria ya 2009, makao yake yakiwa Dodoma. Hii hununua na kusindika kibiashara, hivyo inatafuta faida kama mfanyabiashara mwingine. Kazi ya udhibiti imepewa chombo kingine, COPRA. Kwa mkulima vifupisho hivi vitatu ni kitu kimoja, “serikali”, na kimoja kisipokuja wote wamekosa kuja.

Mtama una mkasa wake. Maofisa wa kilimo wamewahimiza wakulima wa Dodoma kwa miongo mingi waupande badala ya mahindi, na mbegu fupi kama Macia zimesaidia. Kinachobaki ni kwelea kwelea, ndege wanaoweza kumaliza shamba ndani ya siku chache, kiasi kwamba watoto hukosa shule wakiamia ndege. Na soko lake ni jembamba. Viwanda vya bia hununua mtama mweupe kwa mikataba, jambo zuri mpaka kiwanda kinapopunguza oda. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 8, 2022, iliyoshusha mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea hadi Sh 70,000, imewasaidia zaidi wenye mahindi milimani. Mwenye mtama kwenye udongo mkavu wa bondeni hatumii mbolea nyingi ya kununua, kwa hiyo fungu kubwa la msaada wa kilimo linampita pembeni.

Halafu kuna mipaka. Serikali ilizuia usafirishaji wa chakula nje mwaka 2011, na mwaka 2017 ikazuia mahindi yasiyosagwa. Nia ilikuwa kulinda walaji dhidi ya njaa. Matokeo shambani yalikuwa wanunuzi wachache na bei kushuka. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikalegeza siku chache baadaye kwa masharti. Mkulima wa Kibakwe hauzi Nairobi, lakini lori la Kibaigwa huuza, na likisimama, bei ya Kibakwe hutikisika wiki hiyohiyo.

Katika maamuzi hayo yote, nani alimuuliza? Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ulianzishwa mwaka 1993 Morogoro na husemea wakulima wadogo katika bajeti na sera, ila nguvu yake inategemea vikundi vilivyo hai kijijini. Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vipo chini ya sheria ya 2013 na vinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwenye korosho au pamba AMCOS ina nguvu kwa sababu zao lazima lipite kwake. Nafaka haipiti popote, inatoka mlangoni kwenda kwenye lori, kwa hiyo chama hakina cha kushika wakati wa kubishania bei. Pia nafaka ni zao la wanawake wengi, wanaolima na kupalilia, huku jina kwenye daftari la chama likiwa la mume.

Ushuru wa mazao nao unastahili kutajwa kwa sababu wengi hulipishwa wasichodaiwa. Tangu 2017 kiwango kwa mazao ya chakula kilishushwa hadi asilimia 2, anayetakiwa kulipa ni mnunuzi, na mtu anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine alisamehewa. Mkulima anayezuiwa kizuizini akiwa na magunia matano ya kwake ana haki ya kudai maelezo na stakabadhi, na kupeleka jambo hilo kwa mtendaji wa kata au kwa diwani wake, ambaye ndiye hukaa kwenye kikao cha halmashauri kinachopanga makusanyo hayo.