Kipande Kilichopanda Ndege Entebbe
Mwaka jana binamu yangu wa miaka saba alivimba taya. Shosh akasema ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi. Daktari alipotaja biopsi, nyumba ikagawanyika: majirani walikuwa wamemwambia anti kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa mwili mzima. Akataka kumtoa mtoi wodini usiku huo huo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata si udaktari nilikuwa nasomea. Lakini usiku huo nilimaliza bando nikisoma, na manze, hii stori imeanzia hapa jirani.

1957, hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, anaonyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu anaona mwingine kama huyo Jinja. Akaanza kuwahesabu. 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari kuukuu wakazunguka wiki kumi hadi Afrika Kusini, kama kilomita 16,000, wakiuliza kila hospitali. Jibu likawa kwamba kansa hii iko kwa wingi palipo na joto na mvua, yaani palipo na malaria.

London, Anthony Epstein alishuku kuna virusi. Akaomba biopsi kutoka Uganda, zikawa zinapanda ndege Entebbe. Miaka miwili, hakuna kitu. Mwisho wa 1963 kikaja kipande cha msichana wa miaka tisa. Kwa sababu ya ukungu ndege ilitua Manchester, kipande kikachelewa, maji yake yakawa na utusitusi. Mwingine angesema kimeoza, atupe. Epstein aliangalia kwa hadubini akakuta seli hai zinaelea. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, na 1964 virusi vikaonekana: Epstein-Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Watu wazima wengi duniani wanavyo, pengine hata wewe, na wengi haviwafanyi kitu.

Hapo ndipo mimi hukwama. Uvimbe una jina la Burkitt, virusi vina majina ya watu wa London. Yule msichana, kote nilikosoma, ni "mgonjwa wa miaka tisa" tu.

Biopsi yenyewe si maajabu. Unapigwa ganzi, au mtoto analazwa usingizi, kipande kidogo kinatolewa kwa sindano au kisu, kinawekwa kwa formalini, kinakatwa vyembamba, kinatiwa rangi, kinaangaliwa. Picha inaonyesha kuna uvimbe. Kipande ndicho kinasema ni uvimbe gani, na dawa inategemea hapo. Kuhusu kusambaa: limfoma ya Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili bila kuguswa na mtu. Kungoja ndiko kubaya zaidi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimweleza anti haya yote, kwa pupa. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Hiyo chupa wataiandika jina lake?"

Nikamwambia ndiyo, lazima.

"Majina yote matatu?"

Akasaini.