Mteguko wa Kifundo cha Mguu kwa Mtoto: Historia ya Jeraha Lililodhaniwa Halipo

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, daktari wa Ulaya au Amerika Kaskazini aliyeletewa mtoto aliyeumia uwanjani, kifundo cha mguu kimevimba upande wa nje na picha ya eksirei haionyeshi ufa wowote, alifundishwa kuushuku mfupa kabla ya kuzishuku kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa mmoja na mwingine. Ilielezwa kwamba mfupa wa mtoto una bamba la ukuaji, ambalo ni tabaka la gegedu lililo karibu na ncha yake na ndilo linaloufanya urefuke, na kwamba tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zilizo jirani nalo, hivyo nguvu inayochana kano za mtu mzima humwachanisha mtoto kwenye bamba. Mwaka 1963 Robert Salter na W. Robert Harris wa Toronto waliyapanga majeraha ya bamba hilo katika aina tano, na aina ya kwanza, ambayo bamba huachana bila mfupa wenyewe kupasuka, iliwafaa mno madaktari, kwani jeraha hilo lisipohamisha mfupa halionekani kwenye eksirei, na kwa sababu hiyohiyo halikuweza kukanushwa.

Mteguko wenyewe ulikuwa umejulikana tangu kale. Mafunjo ya Edwin Smith, hati ya tiba ya Misri iliyonakiliwa takriban mwaka 1600 KK, yanaueleza kuwa ni kuachana kwa sehemu mbili za mwili ilhali kila moja ingali mahali pake, na ni vigumu kuona daktari wa leo angeongeza nini. Matibabu ndiyo yaliyobadilika. Mwaka 1895 Virgil Gibney, daktari mpasuaji wa New York, aliipinga desturi ya kumlaza mgonjwa kitandani au kumpa magongo, akapendekeza kifundo kizungushiwe vipande vya plasta ya kunata vilivyopishanishwa kama miyaa ya mkeka, ili mgonjwa aendelee kutembea. Mtindo huo ulipokewa na wahudumu wa timu za michezo, lakini haukueleza kwa nini mguu uleule huteguka tena miezi kadhaa baadaye, na jibu lililozoeleka, kwamba kano zimelegea, halikutosha, maana wako wachezaji ambao vifundo vyao vilipopimwa vilionekana imara na bado viliwasaliti.

Aliyelikabili swali hilo kwa dhati ni Michael Freeman wa London, ambaye mwaka 1965, pamoja na wenzake, alieleza kwamba kano si kamba tupu, bali zina miisho ya neva inayoiarifu misuli jinsi mguu ulivyokaa, na kwamba kano zinapochanika taarifa hiyo huharibika, misuli ikachelewa kuuzuia mguu usipinduke. Kipimo chake kilikuwa rahisi mno: mgonjwa alisimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, na tofauti ya mizani ikaangaliwa. Tiba nayo ilikuwa ubao unaoyumba, ambao mgonjwa aliusimamia akijifunza upya kujisawazisha. Nadharia yake haikubaki salama, kwa kuwa majaribio ya baadaye ya kuzitia kano ganzi hayakuvuruga mizani ya miguu mizima kama ilivyotarajiwa, lakini ubao ulidumu kuliko maelezo yaliyouzaa, jambo ambalo si geni katika tiba. Nchini Sweden Hans Tropp na wenzake waliujaribu kwa wanasoka katika miaka ya 1980, na mwaka 2006 utafiti uliowahusisha wanafunzi 765 wa shule za sekondari za Wisconsin, Marekani, wachezaji wa soka na mpira wa kikapu, ulionyesha kwamba asilimia 6.1 ya waliofanya mazoezi ya mizani walipata mteguko, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya wenzao.

Mazoezi hayo, hata hivyo, huagizwa kwa aliyetambuliwa kuwa ameteguka, na mtoto aliyeandikiwa kuwa bamba lake limeachana alielekea kufungwa plasta ngumu, akangojea mfupa uunge, kisha akarudi uwanjani bila yeyote kuuliza kuhusu mizani ya mguu wake. Dhana hiyo ilikuja kupimwa Toronto kwenyewe, mji ulioipa dunia zile aina tano. Mwaka 2016 Kathy Boutis na wenzake walichapisha matokeo ya picha za MRI, zinazotumia sumaku na huonyesha gegedu na kano, za watoto 135 waliodhaniwa kuwa na jeraha la aina ya kwanza kwenye mfupa mwembamba wa nje wa mguu: wanne tu walikuwa nalo, na 108 walikuwa wameumia kano, wengi wao kwa kiwango kisicho kidogo. Baadhi ya hao 108 walikuwa pia na kipande kidogo cha mfupa kilichong'olewa na kano, ambacho eksirei haikukiona. Watoto wa utafiti huo walivaa kishikizo kinachovulika badala ya plasta, wakaruhusiwa kurejea michezoni kadiri walivyoweza kustahimili, na waliokuwa na kipande hicho walipona sawa na wasiokuwa nacho.