Kutoka Mkataba wa Kazi hadi Uchimbaji wa Kujitegemea: Mabadiliko ya Kazi katika Migodi ya Katanga

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, neno "kazi" lilichukua kwa muda mrefu maana finyu: ajira ya mshahara. Mwenye kulima au kuuza sokoni alikuwa na shughuli, lakini hakusemwa kuwa na kazi. Historia ya migodi ya shaba inaonyesha jinsi maana hiyo ilivyojengwa, na jinsi ilivyobomoka.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilitegemea vibarua wa mikataba mifupi, walioletwa na mawakala na, tangu mwaka 1910, na Bourse du Travail du Katanga. Wengi walikufa kwa maradhi, wengine walitoroka, na gharama ya kutafuta watu wapya ilizidi kupanda. Kwa hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilibadili siasa yake: ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wake na watoto kukaa kambini, ikagawa posho, ikajenga hospitali na shule. Haikufanya hivyo kwa huruma tu. Mfanyakazi mwenye ujuzi na jamaa iliyotulia alikuwa na faida zaidi kuliko kibarua wa miezi michache. Tena utulivu huo ulikuwa na mipaka yake: mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kwa kudai mshahara walipigwa risasi mjini Elisabethville.

Baada ya kampuni kutaifishwa, kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines ilirithi mpango huo mwaka 1967. Wafanyakazi waliiita baba na mama. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Ghasia za miaka iliyofuata na ukosefu wa fedha vikamaliza yaliyobaki. Mishahara ilikoma kwa miezi mingi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuwaita wana Shaba hao, katika kitabu chake cha mwaka 2001, watoto walioachwa na baba yao.

Wakati huohuo, Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002 ilimtambua mchimbaji wa mikono, ambaye wenyeji humwita kreseri. Huyo hana mwajiri. Anatakiwa kuwa na kadi, achimbe katika eneo lililotengwa, na auze kwa wanunuzi walioidhinishwa. Marekebisho ya mwaka 2018 yakamtaka ajiunge na ushirika.

Wako wanaosema kwamba kreseri amerudia uhuru wa mababu, waliochimba na kuyeyusha shaba kabla ya ukoloni. Mlinganisho huo una kasoro. Fundi wa zamani, ingawa alitoa kodi kwa chifu, alifuata madini tangu shimoni hadi tanuruni, na kutoka tanuruni akatoa misalaba ya shaba iliyofanyiwa biashara mbali. Kreseri huuza mawe ghafi. Mizani si yake, wala kipimo cha ubora, wala bei, ambayo hufuata soko la London. Shimo likiporomoka, hasara ni yake na jamaa yake.

Basi, kilichobadilika si nani anaamuru peke yake, bali ni nani anayebeba hatari. Mkataba wa kale uliuza utii kwa kupata ulinzi. Mpango mpya umeondoa ulinzi, na utii umebaki kwa njia ya bei. Ushirika ulioamriwa na sheria utakuwa na maana pale tu wachimbaji wenyewe watakaposhika mizani.