Kufunga na Kufungua

Pwani ya Malindi na Kilifi, Mwislamu na Mkristo hukutana kwenye kitenzi kimoja: kufunga. Wa Ramadhani amefunga, wa Kwaresima amefunga, na mama mlokole aliyejiwekea siku tatu za maombi kwa ajili ya mwanawe mgonjwa, naye amefunga. Lakini kitenzi hiki hakiendi peke yake. Kufungua kumo ndani ya ibada yenyewe: kuna daku alfajiri haijaingia, kuna futari magharibi. Mtume Muhammad aliwakataza maswahaba zake kuunganisha saumu siku kwa siku bila kufuturu. Injili nayo haifichi kwamba Yesu, baada ya siku 40 jangwani, aliona njaa.

Kwa hiyo yaliyoanza kufukuliwa Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, yalitujeruhi hata ndani ya lugha. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini, ya watoto ikiwemo. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, aliyakana mashtaka. Habari zikasimulia watu “waliofunga hadi kufa”, nasi tukayarudia maneno hayo sokoni na misikitini, makanisani na kwenye matatu. Mimi siyakubali. Saumu isiyo na kufungua ni njaa tu, na Kiswahili hakikosi namna ya kuisema. Mtoto mchanga hafungi. Mtoto mchanga ananyimwa chakula.

Wapo waliobaki nje ya msitu: baba, shangazi, nyanya waliokuwa wakiwaombea watu wao warudi. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa mjini Malindi Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, kwa kuwa ilibidi vinasaba vilinganishwe kwanza. Familia nyingine ziliendelea kungoja. Ukiwaza habari zao, unaona jinsi msamiati wa sala unavyowabeba watu au unavyowaelemea. Kanisani tunasema maombi hujibiwa, na jibu lisipokuja aliyeomba huanza kujishuku: imani yangu ilikuwa haba? Msikitini husemwa dua hutakabaliwa, yaani hupokelewa. Anayeomba hivyo anaweza kuamini kwamba dua yake imefika hata kama mkononi hajapata kitu. Wagiriama wana kuvoya: kumwomba Mulungu, mvua ikigoma, ugonjwa ukizidi. Sisemi neno moja lina dini bora kuliko jingine. Mkristo wa Magarini na Mwislamu wa Mambrui wamezika kwa machozi yale yale. Nasema tu kwamba aliyefiwa anahitaji neno lisilomgeuza mshtakiwa.

Yupo pia anayeambiwa “subira yavuta heri” kaburi likiwa bado bichi. Methali ni ya kweli, ila wakati huo haifai. Subira huchaguliwa na mwenye msiba mwenyewe.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni dogo mno: tu. Muulize mtu wa huku aliyepoteza ndugu anaendeleaje, atakujibu, “Tunaomba tu.” Hapo tu haipunguzi kitu, haisemi kwamba ni maombi peke yake na hakuna zaidi. Ni tu ya “alikuwa akilima tu, mvua isinyeshe”: ya kutoacha.